Walitufanyia Kazi Siku Kumi na Nane

Kitabu cha mazishi ya mama nilikiandika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule kidato cha pili ili nimuuguze, na katika boma letu hakukuwa na mtu mwingine aliyetaka kushika kalamu. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba, alikuwa na miaka saba na alikuwa akishangaa kwa nini nyumba yetu imejaa viti vya kukodi.

Kwetu Gusii mtu hazikwi bila kitabu. Ni kurasa nane za karatasi inayong'aa, picha ya marehemu kwenye jalada, na ndani yake maisha yake yote: alizaliwa wapi, binti ya nani, alibatizwa kanisa gani, alisoma wapi, aliolewa mwaka gani, alijaliwa watoto wangapi, na kila mtoto na majina yake matatu. Kinasomwa kaburini kwa sauti, na kama kuna mtu ameachwa, ugomvi huanza kabla udongo haujarudishwa. Baadaye kitabu hukaa miaka na miaka ndani ya Biblia au chini ya kitambaa cha kochi, na mgeni akija hupewa akisome huku chai ikichemka.

Kati yangu na mdogo wangu palikuwa na mtoto wa kiume aliyeishi miezi minne. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia mazishi, alitaka nimwache.

"Mtoto wa miezi minne haandikwi," alisema. "Hata jino hakuota."

"Mama alimbeba miezi tisa," nilimjibu. "Ataandikwa."

"Unabishana na mimi mbele ya wageni?"

"Sibishani, baba mdogo. Naandika."

Nikamwandika, majina yake yote matatu, mstari wake mwenyewe. Siku ile kaburini nilikisoma mwenyewe, na watu wakalisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Naanza na habari hii kwa sababu ndiyo iliyotumiwa kutuvunjia mlango.

Miaka kumi na moja imepita. Nimechuma majani chai kwenye shamba letu dogo huku Gesima, na ya watu wengine pale yetu yalipokuwa hayatoshi, na mdogo wangu amesoma hadi kidato cha nne. Alitaka uuguzi. Hakuanza kuutaka jana. Aliutaka tangu siku ile muuguzi wa zahanati alipompa saa yake aishike wakati akisikiliza mapigo ya moyo ya mama. Alishika saa ile kwa mikono miwili, hakupepesa jicho. Matokeo ya mtihani yalipotoka na alama zake zikatosha, tulikwenda kwenye saiba, duka la kompyuta za kukodi, pale Keroka tukaingia kwenye tovuti ya serikali ya kuchagua vyuo. Akachagua diploma ya uuguzi. Tovuti ikamtaka aweke simu ya mlezi, akaweka yangu, kisha neno la siri, na pia swali la siri la kumsaidia siku akilisahau neno. Kati ya maswali yaliyokuwepo alichagua hili: jina la kaka yako ni nani? Akaandika jina la yule wa miezi minne.

"Hakuna mtu analijua isipokuwa mimi na wewe," aliniambia tukitoka. Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeisahau sauti yangu mwenyewe kaburini.

Ijumaa moja ujumbe uliingia katika kundi la kanisa letu la simu. Ulisema kuna ufadhili wa masomo kwa yatima waliofanya mtihani mwaka huo, nafasi ni chache, jaza kabla ya Jumatano. Ulikuwa na picha ya msichana aliyevaa sare nyeupe ya wauguzi. Aliyeutuma alikuwa katibu wa kanisa letu, mama mwaminifu asiyedanganya hata kuhusu umri wake, na chini yake watu walikuwa wameandika amina kumi na tano. Alikuwa ameupokea kutoka kundi jingine, na hilo kutoka jingine. Alipouona alinifikiria mimi. Nasema hivi ili ijulikane kwamba simlaumu. Walitumia wema wake kama mtu anavyotumia ngazi ya jirani.

Nilibonyeza. Fomu ikafunguka. Ilitaka jina la mwanafunzi, namba yake ya mtihani, namba ya cheti cha kuzaliwa, simu ya mlezi. Kisha ikataka uthibitisho wa uyatima: piga picha kurasa zote za kitabu cha mazishi cha mzazi, uzitume hapa.

Mtu wa kwingine angeshtuka. Sisi hatushtuki. Tangu mama afariki nimethibitisha uyatima wetu mara nyingi kuliko nilivyothibitisha jambo lingine lolote. Kwa chifu, kitabu cha mazishi. Kwa kamati ya basari, ile misaada ya karo, kitabu cha mazishi. Shuleni kila mwanzo wa mwaka, kitabu cha mazishi, kana kwamba wakati wa likizo wazazi wangeweza kurudi. Nakala za mama yangu zimelala kwenye makabati ya ofisi nisizozikumbuka. Kwa hiyo nilikitoa kwenye Biblia, nikakiweka kwenye nyasi palipo na mwanga, nikapiga picha kurasa zote nane. Nilizipiga vizuri. Nilihakikisha maandishi yanasomeka.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa kituo cha kupimia majani, tunasubiri lori la kiwanda, simu ikalia. Sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili safi.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amina," nikasema, na nikasimama. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu, nikasimama kwa heshima.

Alinipa pole kwa kumpoteza mama. Alimtaja mama kwa jina la ubatizo. Alisema fomu yetu imependeza, mdogo wangu yuko karibu kupita, imebaki kuthibitisha kwamba simu ya mlezi ni yangu kweli. "Sasa hivi utaona namba sita zimeingia. Nisomee, dada yangu, kabla hazijaisha muda."

Zikaingia. Wenzangu walikuwa wakinicheka nyuma yangu.

"Leo ni Kiswahili cha redio! Ni bwana?"

"Ni watu wa ufadhili wa yatima," niliwanong'oneza nikiziba simu.

"Mwambie na mimi ni yatima," akasema mama mmoja, mkubwa wetu wote. "Nina miaka hamsini na tatu na sina baba wala mama. Aniandike!"

Kila mtu akacheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko kile nikamsomea yule mwanamke namba sita, moja moja, polepole, asije akakosea. Alinishukuru. Akaniambia Mungu anibariki. Kisha ujumbe mwingine ukaingia, mrefu, wa Kiingereza, ukisema kitu kuhusu namba ya simu na mabadiliko. Lori lilikuwa limefika. Niliuacha.

Baada ya hapo, kimya. Wiki mbili nzima hakuna simu, hakuna ujumbe. Niliwaombea wale watu wa ufadhili. Naliandika hili nikiwa na hasira, lakini ni kweli: niliwaombea kwenye kikundi cha akina mama, kwa sauti.

Jumanne ya wiki ya tatu mdogo wangu alipokea pongezi kwenye simu yake. Alikuwa amechaguliwa kujiunga na chuo ambacho hatujawahi kukisikia, katika mji ambao hatuna mtu, kusomea cheti cha usimamizi wa maduka. Kulikuwa na barua ya chuo chenyewe na namba ya kupiga. Alikuja shambani na simu mkononi akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Dada, mimi sikuchagua hii."

Tulijaribu kuingia kwenye tovuti. Neno la siri likakataa. Tukaomba lingine. Tovuti ikasema imetuma namba kwenye simu ya mlezi, na simu ya mlezi, ile iliyokuwa mkononi mwangu, haikulia. Juu ya ukurasa wa tovuti palikuwa na tangazo, nikalisoma. Wiki ile ndiyo pekee ambayo wanafunzi waliruhusiwa kubadilisha chaguo. Dirisha lilifunguliwa Jumatatu. Lingefungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na baada ya hapo lililoandikwa limeandikwa.

Nikapiga namba ya chuo kile.

"Bwana asifiwe," ikajibu sauti ya mwanamke, laini, Kiswahili safi.

Amina haikunitoka. Nilimwambia mimi ni nani. Nilidhani atakata simu. Hakukata, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo.

"Lakini dada," alisema taratibu, "si mtoto amepata chuo? Yatima wangapi wanakosa kabisa? Mlete tu, tutampokea vizuri."

"Alichagua uuguzi."

"Uuguzi ni kazi ngumu. Zungumza naye."

Ndipo akakata. Nilichuma, nikajaza kikapu, na jioni mpimaji akakikataa kwa sababu nilikuwa nimechuma majani magumu pamoja na machanga kama mtu asiyeona.

Jumatano nilikwenda kituo cha polisi. Askari aliyekuwa mezani alinisikiliza vizuri hadi nilipofika kwenye zile namba sita.

"Nani alizisoma?"

"Mimi."

"Na picha za kitabu, nani alizituma?"

"Mimi."

Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Basi mdukuzi ni huyu." Wakacheka. Kisha akaniambia kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kicheko, "Mama, mlipeana wenyewe. Watu wa reserve, huku vijijini, hawajui mambo ya mtandao. Siku nyingine muulize waliosoma."

Mlipeana wenyewe. Nilitembea na neno lile hadi barabarani. Mtu akivunjiwa nyumba haambiwi kwamba ni yeye aliyeweka mlango.

Waliosoma, basi. Kuna mwanamke tuliyekaa naye dawati moja kidato cha kwanza na cha pili. Nilipoondoka yeye aliendelea, na sasa ni mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi huko Manga. Sikuwa nimewahi kwenda kumwona. Ni rahisi kuomba msaada kwa mgeni kuliko kwa mtu uliyekuwa ukimpita hesabu. Alhamisi asubuhi tulichukua boda hadi juu kwenye kilele, mdogo wangu katikati, tukamkuta anafuta ubao.

"Wewe!" alisema. "Uliyekuwa ukinifinya nisikuangalizie!"

"Leo nitakuangalizia mimi," nikamwambia. "Leo mimi ndiye sijui."

Hakucheka nilipofika kwenye zile namba sita. Alisikiliza yote, kisha akachukua chaki. Aliniambia shambulio la mtandao si pigo moja. Lina hatua, na washambuliaji wanaofanya kazi kubwa au ndogo wanazifuata karibu zilezile. Akaandika ubaoni: kuchunguza.

"Kabla ya ile Ijumaa," alisema, "kuna mtu alikuwa ameshakaa chini kuwasoma. Shule yenu iliweka orodha ya matokeo kwenye makundi ya simu, na majina na namba za mtihani. Akajua nani amefaulu. Halafu akatengeneza chambo. Si kwa samaki wote, kwa nyinyi. Angalia: yatima, msichana, sare ya uuguzi. Kisha akatafuta njia ya kukifikisha ambayo hamtaiogopa."

"Kanisa."

"Kanisa."

"Ni kama mwizi wa ng'ombe," nikasema. Nilikuwa nimeanza kuona. "Siku ya kwanza anapita kuuliza njia. Anamsifu ng'ombe. Anajifunza jina la mbwa."

"Jina la mbwa," akasema, "ni lile la kaka yenu."

Mdogo wangu akaweka mkono mdomoni. Mwalimu akatueleza taratibu. Wakiwa na namba ya mtihani na ya cheti walifika mlangoni. Tovuti ikawauliza swali la siri, wakafungua ukurasa wa tatu wa kitabu cha mama, wakajibu. Ikabaki kufuli ya mwisho, zile namba sita, nikaifungua mimi nikiwa nimesimama kwa heshima. Mara tu walipoingia walibadilisha simu ya mlezi wakaweka yao, na ndio ule ujumbe mrefu wa Kiingereza. Hiyo nayo ni hatua: kujikita, ili mwenye nyumba akirudi akute kufuli mpya. Na ule ukimya wa wiki mbili haukuwa ukimya. Walikuwa wameshika usukani, wanasubiri dirisha lifunguliwe. Lilipofunguliwa Jumatatu walivuna.

"Kwa nini?" mdogo wangu aliuliza. "Mimi nina nini?"

"Vyuo vingine vinalipa mawakala kwa kila kichwa wanacholeta," alisema mwalimu. "Wewe ni kichwa."

Nilisimama nikauangalia ubao. Alikuwa na mwandiko mzuri, tangu zamani. Kutoka Ijumaa ile hadi Jumanne ya pongezi ni siku kumi na nane, bila kuhesabu siku walizotusoma. Nilijaribu kukumbuka ni nani mwingine amewahi kutufanyia kazi siku kumi na nane. Kamati ya basari ilitupa dakika tatu. Chifu alituambia turudi kesho. Hakuna mtu mwema aliyewahi kukaa na kitabu cha mama akakisoma ukurasa kwa ukurasa, akashika jina la mtoto wake aliyekufa. Waliokisoma kwa makini ni wezi. Nilisema hivyo kwa sauti, nadhani nilipiga kelele, kwa sababu wanafunzi walichungulia mlangoni.

"Hasira yako ni nzuri," mwalimu akaniambia, "lakini sikiliza upande wa pili. Kila hatua wanayopita wanaacha unyayo. Askari alikuuliza nani alisoma namba. Wewe peleka hatua zote."

Tukakaa. Tulichukua karatasi ya mstari na simu yangu, tukaanza. Ule ujumbe wa Ijumaa, na alama yake kwamba ulikuwa umepitishwa mara nyingi. Picha ya fomu iliyotaka kitabu cha mazishi, ambayo bado ilikuwa ikifunguka. Simu ya Jumatatu: saa, dakika, namba iliyopiga. Zile namba sita, bado zilikuwa kwenye simu, na dakika mbili baadaye ule ujumbe wa mabadiliko, ukionyesha tarakimu tatu za mwisho za simu mpya. Na barua ya chuo, yenye namba ya kupiga.

Mdogo wangu ndiye aliyeona. Tarakimu tatu za mwisho za namba ya chuo zilikuwa zilezile.

"Wapumbavu," alisema mwalimu, kwa furaha ya kwanza ya siku ile. "Walitumia simu ya ofisi."

Nikaandika mimi mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu. Miaka kumi na moja nilikuwa sijaandika kitu kirefu hivyo tangu kile kitabu.

Ijumaa saa mbili asubuhi tulikuwa Kisii mjini, kwenye ofisi inayoshughulikia tovuti ile. Kijana wa mapokezi alitaka kutupa fomu ya malalamiko inayojibiwa baada ya siku ishirini na moja. Nilimwambia siku ishirini na moja hatuna, tuna hadi saa kumi na moja. Akasema bosi yuko kwenye mkutano. Nikasema tutasimama. Tulisimama. Saa tano tulikuwa tumesimama, saa saba tulikuwa tumesimama, na mdogo wangu aliponiomba tukae kwenye benchi nilimwambia akae yeye. Watu wanaokaa kwenye benchi husahaulika.

Saa nane na nusu bosi, mwanamke wa makamo, alipita akiwa na kikombe cha chai.

"Huyu ana shida gani?"

"Walipeana wenyewe namba, madam," alisema yule kijana.

"Hatukupeana," nikasema. "Tulishambuliwa. Hatua zake ni hizi."

Nilimpa karatasi. Alisoma akiwa amesimama, kisha akaweka kikombe juu ya meza ya kijana yule, akasoma tena ukurasa wa pili. Aliomba simu yangu, akalinganisha namba mwenyewe. Akatuingiza ndani. Alimuuliza mdogo wangu maswali ambayo hayamo katika kitabu chochote: nani alikufundisha kemia, ulikaa bweni gani, mlikula nini siku ya mtihani wa mwisho. Saa kumi kasoro dakika tano akaunti ilikuwa imerudi, na mdogo wangu akaandika chaguo lake. Chuo cha karibu kilikuwa kimeshajaa. Nafasi ya uuguzi iliyobaki ilikuwa mbali, siku nzima ya safari. Aliichukua.

Wale watu hawajakamatwa. Niliipeleka karatasi yangu kwa askari yuleyule, akaipiga muhuri, akaiweka kwenye faili. Baba mdogo aliposikia alikuja nyumbani jioni akanywa chai yote kwanza.

"Si nilikuambia usimwandike yule mtoto?" akasema.

"Jina lake halikuiba kitu," nikamjibu. "Liko pale na litabaki pale."

Mwezi uliofuata nilimsindikiza mdogo wangu chuoni. Tulifika tukiwa na vumbi, sanduku lake kichwani mwangu. Karani wa usajili alipitia karatasi zetu akafika penye pengo la wazazi.

"Yatima? Basi leteni kitabu cha mazishi nitoe nakala."

Kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimekibeba kwa mazoea, bila kufikiri. Mkono ulishafika kwenye zipu.

"Cheti cha kifo hiki hapa," nikasema. "Kiangalie, andika namba yake, unirudishie."

"Mama, hapa tunachukua kitabu. Ndivyo wote wanavyofanya."

"Mimi ndiye niliyekiandika. Kama kuna unalotaka kujua kuhusu mama yetu, niulize."

Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Mdogo wangu alikuwa akitazama chini, kisha akainua uso akamtazama yule karani kama alivyoitazama ile saa, bila kupepesa. Karani akashusha pumzi, akachukua kalamu, akanakili namba ya cheti polepole, akanirudishia. Kisha akampa mdogo wangu kitambulisho chake na kumwonyesha upande wa mabweni.